Ngozi ya Ngoma, GPS Tatu na Njia ya Bethlehem

Tangu nirudi sijanywa chai ikiwa moto. Kila anayeingia karakanani ananiuliza maswali yale yale. Kwa nini mstari wangu kwenye ramani uliruka pembeni kule Jeppestown? Kwa nini nilizunguka tangi la maji mara kumi na moja? Nilikuwa nafanya nini siku nzima na nusu ndani ya nyumba moja Frankfort? Na la mwisho mnaliuliza kwa adabu, mmeinamisha vichwa kama watu waliokuja msibani: mama wa miaka hamsini na minne alifikishaje kilomita tisini kwa saa juu ya baiskeli isiyo na gia?

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote, na atakayeniuliza tena atashona viatu vyote vilivyolala chini ya meza yangu.

Doornfontein: Kuwamba

Kwa wale mnaosomewa haya na wengine: mimi ni Mama Naledi, fundi wa ngozi, mzaliwa wa Kondoa. Mume wangu Molefe alinioa Morogoro enzi zile yuko uhamishoni, na nchi yake ilipofunguka akanileta Johannesburg. Karakana yangu ipo Doornfontein, mlango unaofuata saluni ya Maman Furaha, Mkongo, mke wa Ilunga mlinzi.

Yote yaliletwa na Kimani. Huyu ni kijana wa Kikenya anayefanya kazi benki kule Sandton, na Jumapili huendesha baiskeli na chama chao cha watu waliovaa nguo za kubana. Siku hiyo aliingia na kipande cha plastiki mkononi, uso umemshuka.

"Mama, hii nayo imevunjika," akasema. "GPS imeanguka barabarani, lori ikapita juu yake. Na ile ya kwanza walininyakulia kwa roboti. Sasa niko na ya tatu na naogopa kuitoa nyumbani."

Roboti ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani. Nikamwambia niachie mimi, nitaifunga kwenye usukani kwa ngozi mbichi, haitatoka. Akaitazama ile ngozi iliyokuwa kwenye beseni, akacheka mpaka akashika meza.

"Si hiyo ni ya ngoma? Mama, hiyo haitafika hata Heidelberg."

Hapo ndipo aliponigusa. Baba yangu alikuwa akiwamba ngoma, na mimi ndiye niliyemshikia kamba. Ngozi mbichi ukiivuta ikiwa imelowa, ukaifunga na kuiacha ikauke, hunywea na kukaza mpaka ukiigonga inalia. Kinachoweza kuishika ngoma inayopigwa siku tatu za arusi hakishindwi na kidude cha kuonyesha njia.

Ilunga, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasema hata yeye ana simu ya akiba yenye ramani, na hiyo ndiyo GPS ya kweli. Molefe naye akaingia nyumbani akatoka na kifaa chake cha njano chenye kipembe, cha tangu enzi alipofanya kazi na wapima ardhi. "Mke wangu," alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "vifaa vya vijana ni porojo. Hiki hakijawahi kunidanganya."

Kwa hiyo nikasema: leteni vyote vitatu. Kimoja kipana, kimoja chembamba, kimoja kinene kama tofali. Nitavifunga kwenye usukani mmoja, nitaendesha mpaka Bethlehem ya huku Free State, kwa wifi yangu.

Sasa nitamke wazi kilichokuwa kinaniuma. Watu siku hizi hawashoni viatu, wananunua vingine. Binti yangu Naledi yuko Cape Town na mtoto mchanga, na kwa miezi amekuwa akinisihi nifunge karakana nikalee mjukuu. Nampenda mjukuu wangu. Nampenda kwa wiki mbili. Baada ya hapo nataka kusikia harufu ya ngozi na kelele za mtaa wangu. Kimani akasema kishikio changu kikifika Bethlehem bila kudondosha kitu, atakipeleka kwa wenzake na nitapata kazi ya mwaka mzima. Nami nikamwahidi Naledi, kwenye simu, wote wanasikia: kikishindwa, nafunga mlango nakuja.

Nikaviwamba. Chini ya kila kifaa nikaweka kipande cha blanketi ngozi isije ikavunja kioo, nikaacha dirisha la kuonea na matundu ya chaja. Maman Furaha akaja na rangi ya kucha, nyekundu kabisa, akapaka juu ya kila fundo, ili fundo likifunguliwa rangi ipasuke na kila mtu aone. Kimani akaunganisha kifaa chake na simu za wote, hata ya Naledi, ili waone nukta yangu na mwendo wake kwenye ramani. Masharti yakawa mawili. Vifaa visitoke kwenye usukani, na mimi nisipande gari la mtu. Kurudi ningerudi na basi, vifaa vimezimwa.

Doornfontein mpaka Heidelberg: Mtu wa roboti

Niliondoka asubuhi na watu watatu wakipunga mikono, na baada ya dakika kumi nikapita tena mbele yao. Kosa si langu. Kifaa cha Kimani kilitaka niende kulia. Simu ya Ilunga iliniambia kwa Kifaransa niende kushoto. Cha Molefe kilikuwa na mshale tu, ukaelekeza kaskazini, na kaskazini kuna Sandton. Nikawasikiliza wote kwa heshima, nikauzunguka mtaa wetu mara mbili. Mara ya pili Maman Furaha alikuwa bado mlangoni.

"Mama Naledi, ushafika?" akaniuliza.

Nikaamua kufuata vibao vya barabarani kama watu wengine.

Jeppestown, roboti ikawaka nyekundu, nikasimama. Nilikuwa bado nimeweka mguu mmoja chini, kijana mmoja mrefu akatoka nyuma ya gari la mboga, akashika kifaa cha Kimani kwa mikono miwili na kuvuta. Kikakataa. Akavuta tena, baiskeli ikamfuata. Na mimi sikuiachia, kwa hiyo nami nikamfuata, tukavuka njia ya waenda kwa miguu tukiwa watatu: yeye, baiskeli na mimi, hatua saba au nane. Huko ndiko mstari ulikoruka.

Mwishowe akaacha, akapangusa mikono kwenye suruali, akaiinamia ile ngozi kuiangalia.

"Eish, mama," akasema, akiomba radhi. "Askies. Umeifunga na nini?"

"Ngozi ya ng'ombe."

"Sharp, sharp," akasema, na kwa kweli alionekana ameridhika kama fundi aliyekutana na fundi. Roboti ikawaka kijani, mwenye gari la mboga akapiga honi, nikaenda zangu. Sikusimama tena mpaka Germiston. Pale nikanunua magwinya manne, yale maandazi yao makubwa ya kukaangwa, nikayala yote nimesimama ndipo moyo uliposhuka.

Heidelberg nilifika jua likiwa bado juu. Nikapiga simu kwa Kimani na kumwambia jina la mji tu. Akasema, "Sawa. Lakini Bethlehem bado ni mbali, Mama."

Heidelberg mpaka Villiers: Tangi

Kuna jambo ambalo baba yangu alilijua na mimi nililisahau. Ngozi mbichi ikipigwa na jua kutwa nzima hutoa harufu. Kwetu sisi ni harufu ya kazi, lakini kwa mbwa ni harufu ya chakula cha mchana.

Wa kwanza alitoka kwenye shamba la mahindi, wa rangi ya kahawia. Nikamwambia "nenda" kwa Kiswahili, kwa Kisotho na kwa Kiingereza. Akaita wenzake wawili. Baiskeli yangu, kama mjuavyo, breki yake ni ya kukanyaga nyuma, kwa hiyo mguu ukiwa na hofu haujui kama uende mbele au usimame. Nikaingia kwenye uwanja wa shamba. Katikati pana tangi la maji la bati, la mviringo, na mimi nikaanza kulizunguka nikiamini mbwa watachoka.

Hawakuchoka. Ni mimi niliyechoka. Mzunguko wa tano mmoja wao akawa mbele yangu, na nikagundua kwamba sasa mimi ndiye ninayemfukuza yeye. Kifaa cha Kimani kilikuwa kikilia kila mzunguko kwamba nimeacha njia. Simu ya Ilunga nayo ilirudia neno lile lile la Kifaransa, kwa sauti ya mwanamke mtulivu ambaye hajawahi kuona mbwa.

Ulipofika mzunguko wa kumi na moja, mwenye shamba alitoka na kikombe mkononi. Alikuwa mzee Kaburu, kaptula na soksi ndefu. Alinitazama nikipita. Akanitazama nikipita tena. Kisha akapiga mluzi mara moja na mbwa wote wakalala chini.

"Ungeniita tu, mama," akasema.

Nikamjibu sikutaka kumsumbua. Akanipa maji, akanionyesha njia ya Villiers, na nilipogeuka nikamsikia akicheka peke yake. Nilimwacha acheke. Vifaa vyote vitatu vilikuwa pale pale.

Villiers mpaka Frankfort: Mgonjwa wangu alikuwa usukani

Mvua ilinikuta baada ya daraja la mto Vaal. Haikuwa ya kupita, ilikuwa ile ya mashamba inayokuja na ngurumo na kukaa. Nilijifunika kichwa kwa mfuko wa plastiki na nikausahau usukani. Nusu saa baadaye nikaona kifaa cha Kimani kinainamisha uso. Ngozi imelowa, imelegea. Cha Molefe, kwa uzito wake, kilikuwa kimeshageuka chini ya usukani na kuning'inia kama popo. Mafundo yalikuwa mazima na rangi haijapasuka, lakini kishikio kizima kimekuwa utepe mlegevu. Nilisimama katikati ya mvua nikaona Cape Town mbele ya macho yangu, na beseni la nepi.

Niliingia Frankfort nikisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, mwingine umeshika vile vifaa visidondoke. Mlango wa kwanza uliokuwa wazi ulikuwa wa mwanamke wa makamo aitwaye Dineo. Nikamsalimu kwa Kisotho, lugha ya mume wangu, nikamwomba nikaushe kitu jikoni kwake.

Dineo akautazama usukani. Akaona ngozi, mafundo mekundu, na vitu vitatu vinavyowakawaka taa. Akanivua viatu yeye mwenyewe, akaniketisha kwenye kiti kizuri karibu na jiko la makaa, akauweka usukani na baiskeli nzima kwenye zulia. Kisha akatoka nje, na nikamsikia akiita jirani.

Nilidhani ni ukarimu tu. Akaniletea ugali mlaini na maziwa ya mgando, na nyama ya kondoo juu yake, nikala bila haya. Nilipoinua kichwa, sebule ilikuwa na watu sita wamekaa kimya, na mzee mmoja akanikaribia kwa magoti nusu akaniomba nimwangalizie ng'ombe wake aliyepotea tangu juzi.

Hapo nikaelewa nimeshakuwa mganga.

Nikawaambia ukweli. Nikasema mimi ni fundi wa viatu kutoka Johannesburg, na hizi ni mashine za kuonyesha njia. Wakatikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu mganga wa kweli hajisifu. Na wakati huo huo, kwa kuhisi joto au kwa uchokozi, simu ya Ilunga ikazungumza. Ikasema Kifaransa kirefu. Sebule nzima ikarudi nyuma.

"Imesema nini?" akauliza yule mzee.

Ningefanyaje? Nikatafsiri. "Imesema pinda kushoto baada ya mita mia mbili."

Mzee akavaa kofia akatoka na mvua yake. Baada ya saa moja akarudi na ng'ombe. Alikuwa kwenye zizi la shemeji yake, kushoto. Nadhani shemeji alikuwa na mengi ya kueleza, lakini hilo si langu. Tangu hapo sikuachwa niondoke. Ndiyo maana nukta yangu ilikaa pale siku nzima na nusu. Niliamua kesi ya kuku wawili, na nikamshauri binti mmoja asiolewe na mtu ambaye hata jina lake sikulisikia vizuri. Nilikuwa sahihi, lakini naomba radhi kwa wote niliowagusa.

Mambo mawili ya maana yalitokea katika nyumba ile. La kwanza, simu yangu mwenyewe, ile ya mfukoni, ilikuwa imekufa maji, na Dineo akaizika kwenye mfuko wa mchele na kuniambia nisiifukue mpaka Bethlehem. Kwa hiyo kuanzia hapo mliniona nukta lakini hamkuweza kunipigia. La pili, ngozi ilipokauka kwa joto la jiko na kukaza upya, Dineo alileta bakuli la mafuta ya kondoo.

"Mpake mgonjwa wako," akasema. "Maji hayataingia tena."

Nikapaka nikasugua mpaka ngozi ikang'aa. Mvua iliponinyeshea kesho yake, matone yalikimbia juu yake yakaanguka. Na vifaa vile, ndugu zangu, havikutikisika tena hata kwa nyundo.

Frankfort mpaka Reitz: Tisini kwa saa

Hapa ndipo mnapotaka.

Kama kilomita ishirini kabla ya Reitz, barabara ilikuwa na mashimo, nikaingia kwenye moja. Kishikio hakikutetereka. Kilichokatika ni chuma: shingo ya usukani, pale inapoingia kwenye fremu. Nikabaki nimeshika usukani mkononi na baiskeli imelala kwenye nyasi bila kichwa. Nilikaa pembeni nikalia kidogo. Nilikuwa nimeshinda ngozi, na sasa chuma kinaniangusha.

Ikaja pikapu, akashuka mtu mmoja mpole anayeitwa Ntate Sello, yaani Baba Sello kwa Kisotho. Anakwenda Reitz mnadani, nyuma amejaza kondoo, mbele amekaa na mama mkwe wake. Akasema Reitz kuna fundi wa kuchomelea.

"Panda na kondoo, mme," akaniambia, na mme kwao ni mama. "Watajisogeza."

Nikautazama mlango wa nyuma. Walikuwa kondoo wasafi. Hakuna ambaye angeniona. Lakini niliahidi sitapanda gari, na aliyesikia ahadi ni pamoja na mjukuu wangu, ingawa alikuwa amelala. Nikasema siwezi. Uchukuliwe usukani tu.

"Basi toa hivi vitu ubaki navyo," akasema Ntate Sello, kwa sababu ni mtu mwaminifu na hakutaka dhamana.

Tukajaribu kuvitoa, licha ya masharti, kwa kuwa niliona aibu kumpa mgeni mali za watu. Yeye alivuta, mimi nikavuta, mama mkwe akashuka akavuta. Mafuta ya Dineo yalikuwa yamemaliza kazi. Ama ukate ngozi, ama usukani uende na wageni wake wote. Nikampa. Mama mkwe akaupakata mapajani kama mtoto, na pikapu ikaondoka, kifaa cha Kimani kikilia, simu ya Ilunga ikianza kumpa yule bibi maelekezo kwa Kifaransa. Kabla hawajapotea kwenye kona nilimsikia bibi akiijibu.

Hapo ndipo mliponiona nikikimbia tisini kwa saa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la spaza, duka dogo la barabarani, nimeshika baiskeli isiyo na kichwa na chupa ya soda. Nilikaa saa tano. Kila gari lililotokea nilisimama. Saa ya tatu nilianza kutunga nitakavyowaambia: kwamba vifaa vyenu vitatu nimempa mtu nisiyemjua ukoo, pamoja na kondoo. Saa ya nne niliacha kutunga.

Saa ya tano Ntate Sello akarudi, kondoo wameuzwa, shingo imechomelewa vizuri kuliko ilivyokuwa. Akaomba radhi kwa kuchelewa. Fundi alikataa kuwasha moto karibu na mashine za watu, naye alitaka zitolewe kwanza. Alivuta yeye na vijana wake wawili. Mwishowe alizungushia vitambaa vilivyolowa ndipo akachomelea.

"Na mama mkwe?" nikauliza.

"Amekataa kushuka na kuiaga ile sauti," akasema. "Anasema ni mara ya kwanza mtu ndani ya gari hili kumsemesha kwa upole."

Reitz mpaka Bethlehem: Wifi

Kipande hiki kilikuwa kizuri na ndiyo maana sina la kusema. Anga ilikuwa safi, upepo mgongoni. Mbwa mmoja tu, mdogo, nilimpa kipande cha mkate tukaachana kwa amani. Wifi yangu alinipokea kwa kelele, akaninusa, akaniambia nioge kabla ya kumkumbatia.

Nikaifukua simu yangu kwenye mchele. Ikawaka. Ujumbe themanini na kitu. Nilitegemea pongezi. Naledi alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake kifupi kwamba ananisamehe na chumba changu kiko tayari. Kimani aliandika, "Pole Mama, ulijaribu." Ilunga akaandika, "Ile point ilikuwa inakimbia sana. Mi nikasema, bon, mama ashapanda motokari." Mume wangu wa miaka yote hii hakuandika neno. Alituma picha ya pikapu.

Niliwapigia nikaeleza. Shingo, kondoo, mama mkwe. Mlicheka hata Molefe akakohoa. Usiku huo sikula chakula cha wifi, na wifi hupika vizuri. Kusemwa nimeshindwa ningevumilia. Kusemwa nimedanganya, na watu ninaowashonea viatu, kuliniuma kifuani kabisa.

Doornfontein tena: Hukumu

Nilirudi na basi Ijumaa, na Jumamosi asubuhi mkajazana karakanani kama mahakama. Kimani, Ilunga na Maman Furaha wake, Molefe kwenye kiti cha wateja, Naledi kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la gundi. Nikaufungua usukani nikauweka mezani. Maman Furaha akavaa miwani akakagua rangi ya kucha, fundo moja moja.

"Zote ziko bien," akasema. "Hakuna yenye kupasuka."

"Sawa, kishikio kimefika," akasema Kimani. "Hiyo siwezi kukataa. Lakini Mama, kwa nini hukusema tu ulichoka? Hatungekulaumu. Hii stori ya usukani kupanda gari peke yake, aki, nani ataiamini? Mtu si angetoa GPS aweke kwa mfuko?"

Nikamsogezea usukani.

"Toa yako," nikamwambia. "Weka kwa mfuko."

Akatabasamu, akashika, akavuta. Akaacha kutabasamu. Akavua koti. Akaweka mguu kwenye mguu wa meza, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ilunga akashika upande wa pili na kuvuta simu yake, wakawa wanavutana wao kwa wao kuizunguka meza yangu, kopo la gundi likaanguka na Naledi akabaki akiangalia dari na kuuliza kuna nini mpaka simu ikakatika. Molefe akainuka kwa heshima zake zote, akajaribu chake kile cha tofali, akakaa tena.

"Nipe kisu," akasema Ilunga, jasho linamtoka.

"Kisu kipo," nikasema. "Nitakitoa mkishakiri."

Nikawaambia sasa mfikirieni fundi wa kuchomelea na vijana wake wawili. Mfikirieni Ntate Sello aliyeniambia nibaki navyo. Mfikirieni bibi wa watu aliyepakata usukani mzima na vifaa vyenu kwa sababu hakukuwa na njia nyingine.

Wa kwanza kucheka alikuwa Molefe. Akacheka hadi akatoa leso. "Mke wangu," akasema, "kile kifaa changu hakijawahi kudanganya, na wewe pia. Nisamehe kwa ile picha." Nikamsamehe, lakini si siku ile ile.

Nikachukua kisu ili nimtolee Kimani chake. Akaweka kiganja juu ya usukani.

"Usikate," akasema. Alikuwa anahema bado. "Mama, mimi nimenyakuliwa moja kwa roboti, nyingine ikapondwa na lori. Hakuna mtu kwa chama chetu hajanyakuliwa. Naenda na hii hivi ilivyo, wajaribu wenyewe."

Akakiwasha chake, akaondoka na usukani kwapani, pamoja na simu ya Ilunga na tofali la Molefe, kwenda kupanda treni ya kasi ya Sandton. Mimi nikafuta meza, nikalitia maji beseni. Hazikupita dakika ishirini simu yangu ikalia. Naledi, sauti juu.

"Mama! Nukta yako iko kilomita mia moja na sitini kwa saa! Uko wapi?"

"Nipo karakanani, mwanangu," nikamwambia. "Naloweka ngozi. Mbusu mtoto, mwambie bibi anakuja kwa wiki mbili."